Je, Sisi ni Watoto wa Nyani?

Mtu asafiriye kwa gari kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi, akiisha kupita Hedaru na Makanya, huwa na milima ya Upare mkono wake wa kuume, na mbuga kavu za mkonge na miiba mkono wa kushoto. Karibu na Same aghalabu hulikuta kundi la nyani kando ya barabara. Majike wamepakata watoto wao, vijana wanafukuzana, na dume mmoja mkubwa ameketi juu ya jiwe, mikono magotini, akiyatazama magari yapitayo kama mzee aliyeketi barazani kwake. Ndani ya gari hakosekani mtu wa kusema: "Watazameni babu zenu!" Wengine hucheka. Lakini yupo pia yule asiyecheka, ambaye hugeuza uso wake na kusema kwamba maneno hayo ni kufuru.

Ndugu msomaji, tunaomba tuzungumze nawe juu ya kicheko hicho na juu ya hasira hiyo, maana nyuma yake limo jambo zito. Wapo vijana wengi katika milima ya Upare, ambako Waislamu, Walutheri na Wasabato huishi pamoja na mara nyingi huwa ni wa ukoo mmoja, waliofundishwa tangu utotoni kwamba Mungu alimfinyanga mwanadamu kwa siku moja. Kisha kijana huyo huingia sekondari, akafunguliwa kitabu cha biolojia, akaambiwa kwamba viumbe wenye uhai wamepita katika mageuzi ya mamilioni ya miaka. Afanye nini? Wengi hufanya hivi: wakiingia darasani huiacha dini mlangoni, na wakiingia msikitini au kanisani huyaacha masomo mlangoni. Walakini mtu hawezi kuishi miaka mingi kwa namna hiyo. Mwisho mlango mmoja huufunga kabisa, na mara nyingi ule unaofungwa ni wa dini.

Je, ni kweli kwamba lazima aufunge mmoja?

Kwanza yatupasa kuwatendea haki wataalamu wa elimu ya viumbe, kwani kumsingizia mtu maneno asiyoyasema ni dhuluma, hata kama mtu huyo haifuati dini yetu. Wataalamu hawasemi kwamba mwanadamu ametokana na nyani huyu alaye mahindi ya watu wa Same. Binamu yako akaaye Usangi si baba yako. Wewe na yeye mna babu mmoja. Vivyo hivyo wasema kwamba mwanadamu na nyani wana asili moja iliyo mbali sana, kisha kila mmoja akashika njia yake. Na ushahidi mmoja wa jambo hilo umechimbwa katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza habari za mabaki mawili yaliyopatikana katika bonde la Rukwa, katika miamba yenye umri wa miaka milioni 25 hivi: kipande cha taya chenye meno, cha kiumbe wa upande wa sokwe, upande ambao mwanadamu yumo, na kipande kingine chenye jino moja, cha kiumbe wa upande wa nyani na tumbili. Maana yake ni kwamba wakati ule wa kale njia hizo mbili zilikuwa zimekwisha achana.

Njia yetu na ya sokwe iliachana baadaye sana, labda miaka milioni sita au saba iliyopita. Mwaka 2005 ilipotolewa ramani ya vinasaba vya sokwe, ilionekana kwamba herufi moja moja za vinasaba hivyo zikilinganishwa na zetu, tofauti ni asilimia 1.2 hivi. Na huko Laetoli, kusini mwa Olduvai, mwaka 1978 kundi la Bibi Mary Leakey lilifukua nyayo zilizokanyagwa katika majivu ya volkano miaka zaidi ya milioni tatu na nusu iliyopita. Wenye nyayo hizo walikwenda wima kwa miguu miwili, nao hawakuwa bado watu kama sisi.

Hayo ndiyo yasemwayo na elimu. Sasa tutazame Kitabu cha Mwenyezi Mungu kinasema nini.

Katika Sura Nuh, Nabii Nuh a.s. anawakumbusha watu wake kwamba Mungu amewaumba kwa hali baada ya hali, kisha anaongeza kwamba amewaotesha kutoka katika ardhi mfano wa mmea (71:15, 18, aya tunazihesabu pamoja na Bismillahi). Fikiri, ewe msomaji: mmea hauchipuki ukiwa na matunda. Sura Ad-Dahri inaanza kwa kumwuliza mwanadamu kama haukumpitia wakati mrefu ambapo hakuwa kitu cha kutajwa (76:2). Sura As-Sajda inataja udongo, kisha uzao, kisha kukamilishwa, na ndipo baada ya hayo yote yanatajwa mapulizo ya roho (32:8-10). Kila mahali mpango ni ule ule: kitu kidogo, halafu muda, halafu kitu bora zaidi. Mfinyanzi wa Usangi hafinyangi hivyo. Mola wa walimwengu wote, ambaye jina lake la kwanza tulisomalo katika Al-Fatiha baada ya Bismillahi na kumsifu ni Rabbi, Mlezi akuzaye kitu hatua kwa hatua, ndivyo aumbavyo.

Wala wazee wa Kiislamu hawakuliogopa jambo hili. Ibn Khaldun, aliyeimaliza Mukadima yake mwaka 1377, miaka karibu mia tano kabla Charles Darwin hajatoa kitabu chake cha kwanza juu ya asili ya viumbe mwaka 1859, aliandika juu ya ngazi ya viumbe ianziayo madini, ikapanda hadi mimea, kisha wanyama, na akautaja ulimwengu wa nyani kuwa ni daraja iliyopakana na daraja ya mwanadamu mwenye kufikiri. Hatusemi kwamba Ibn Khaldun alikuwa Darwin. Elimu ya zama zake haikuwa hii. Twasema tu kwamba hakuna aliyemtoa katika Uislamu kwa maneno hayo.

Labda utauliza: Je, na Adamu a.s.? Mwezi Mei 1908 Profesa Clement Wragge, mtaalamu wa hali ya hewa, alimtembelea Seyyidna Ahmad a.s. huko Lahore, akamwuliza swali hilo hilo. Akajibiwa kwamba sisi hatushikamani na hesabu isemayo kuwa dunia ilianza na Adamu miaka elfu sita iliyopita, wala hatudai kwamba wakazi wa kila bara wametokana na Adamu huyo mmoja. Na ukiisoma vizuri Sura Al-Baqara utaona kwamba Mungu hakuwaambia malaika kwamba anaumba mtu wa kwanza. Aliwaambia kwamba anaweka Khalifa katika ardhi, nao wakauliza juu ya umwagaji wa damu (2:31). Swali lao lafahamika vizuri zaidi ikiwa walikuwako tayari watu wa kumwaga damu, nao wakahitaji kiongozi wa kuwatoa katika hali hiyo.

Na kuhusu zile siku sita zinazowasumbua jirani zetu wengi, neno la Kiarabu yaum lina maana ya siku na pia ya kipindi. Kurani Tukufu yenyewe inataja siku iliyo kama miaka elfu (22:48) na siku ya miaka elfu hamsini (70:5). Ni nani basi atakayempimia Mungu siku zake kwa saa ya mkononi?

Lakini lipo kosa la upande wa pili, na hilo limeenea hata miongoni mwa Waislamu wenyewe. Wako wasemao kwamba si mtu aliyetokana na mnyama, bali nyani ndiye aliyetokana na mtu. Kwamba hao wakaao porini ni Wayahudi wa kale walioivunja Sabato, Mungu akawalaani wakawa manyani. Husimulia habari hiyo kwa kuitegemea Sura Al-Baqara (2:66). Mtu akiwatazama nyani wa Same kwa imani hiyo, huwarushia mawe akidhani anamsaidia Mungu kutekeleza adhabu yake.

Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, iliyosimuliwa na Ibn Masud r.a., inaimaliza dhana hiyo. Mtume Mtukufu s.a.w. alieleza kwamba watu waliogeuzwa hawakujaliwa uzao, na kwamba nyani na nguruwe walikuwako kabla ya tukio hilo. Basi hao wa porini hawana hatia ya mtu yeyote. Na Mujahid, mwanafunzi mashuhuri wa Ibn Abbas r.a., alifasiri kwamba waliogeuzwa ni nyoyo zao, si miili yao. Kwamba huo ni mfano kama ule wa Sura Al-Jumua, ambamo watu wenye Kitabu wasiokitenda wamefananishwa na punda aliyebebeshwa vitabu (62:6). Hakuna aliyetafuta mikia ya watu hao wa Al-Jumua. Kwa nini basi tutafute manyoya ya wale wa Al-Baqara?

Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ikiwa unyani uliotajwa ni wa moyo, basi twaweza kuupata mimi na wewe, huku tumevaa kanzu safi, tena tukisimama safu ya kwanza.

Kabla hatujaingia huko, hebu tumtazame nyani mwenyewe, kwa sababu tunamtukana pasipo kumjua. Kurani Tukufu inasema kwamba kila mnyama aendaye katika ardhi na kila ndege arukaye kwa mbawa zake ni umma kama sisi (6:39). Neno ni umma! Kwa karne nyingi watu waliisoma aya hiyo wakaipita upesi. Katika zama zetu wametokea watu waliokaa na wanyama mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka, na wamekuta kwamba neno hilo ni la kweli kuliko tulivyodhani.

Huko Amboseli, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, si mbali na Upare, wataalamu walianza kuwachunguza nyani mwaka 1963, na tangu mwaka 1971 makundi yao yamefuatwa bila kukatishwa, kila mmoja akijulikana kwa sura yake na kupewa jina. Nyani hao hasa ni wa aina ile ile ya manjano ionekanayo Same na Mkomazi. Imeonekana kwamba majike hukaa maisha yao yote katika kundi walimozaliwa, na binti hurithi cheo cha mama yake; madume ndio wahamao wakiisha kukomaa. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba majike wenye mashoga wengi, wanaoketi pamoja na kuchambuana manyoya, watoto wao huishi zaidi kuliko wa wale wapweke. Mwaka huo huo ilitangazwa kwamba madume, waliodhaniwa kuwa hawajui watoto wao, huwatetea watoto waliowazaa wao wenyewe pindi ugomvi utokeapo. Katika nchi zetu wako wanaume wangapi waliowaacha watoto wao kwa bibi zao kijijini, wasipeleke hata daftari? Na hao huwacheka nyani!

Vilevile huko Amboseli walichunguzwa tumbili, hawa hawa wenye nyuso nyeusi waibao ndizi. Mwaka 1980 ilithibitishwa kwamba tumbili ana mlio wake wa chui, mlio wake wa tai na mlio wake wa nyoka. Wakisikia ule wa chui hupanda mtini. Wakisikia wa tai hutazama juu na kukimbilia vichakani. Wakisikia wa nyoka husimama kwa miguu ya nyuma na kuchungulia majanini. Mtoto wa tumbili hukosea. Hupiga mlio wa tai kwa ndege asiye na madhara, au hata kwa jani linaloanguka. Akikua hujua. Msomaji wa Kurani hawezi kuisoma habari hii bila kukumbuka kwamba Adamu alifundishwa majina (2:32). Mwanzo wa majina, kama mbegu ndogo, umo katika koo la tumbili. Lakini tumbili hana jina la jana, wala la kesho, wala la haki, wala la Mungu.

Na sokwe je? Bibi Jane Goodall, aliyefariki mwezi Oktoba 2025, alifika Gombe, Kigoma, mwezi Julai 1960. Mwaka ule ule alimwona sokwe akichokoa mchwa katika kichuguu kwa kijiti alichokitengeneza mwenyewe, na dunia ikalazimika kuacha kusema kwamba mwanadamu peke yake ndiye afanyaye zana. Mwaka 1987 homa ya mapafu iliua sokwe wengi wa Gombe; yatima mmoja wa miaka mitatu, aliyeitwa Mel, akabebwa na kulindwa na kijana wa kiume aitwaye Spindle ambaye hakuwa ndugu yake. Tunaitaja kwanza huruma hii ili tusiionee jamii hiyo tutakapoitaja habari ya pili. Maana kati ya mwaka 1974 na 1978, huko huko Gombe, kundi moja la sokwe lililokuwa limegawanyika mara mbili liliingia vitani, na madume wa upande mkubwa wakawavizia wale wa upande mdogo, waliokuwa jana wakichambuana nao manyoya, wakawaua mmoja mmoja mpaka wakaisha.

Hapo ndipo shetani wa zama hizi anapopata nafasi ya kusema. Zamani alimwambia mtu: "Wewe ni bora, huna undugu na mnyama," akampa kiburi. Sasa amegeuza maneno, anamwambia: "Wewe ni mnyama, basi usijilaumu." Mtu ampigaye mkewe husema, "Ndivyo nilivyoumbwa, nina hasira." Mzinifu husema, "Ni maumbile." Anayewachukia watu wa kabila jingine husema kwamba hata sokwe hupigana na jirani zao. Elimu ya mageuzi imekuwa kwao mahali pa kujifichia, kama vile wengine walivyojificha nyuma ya kudura.

Tuwajibuje? Hatuna haja ya kuikana elimu ili tuwajibu. Nyani wenyewe wanatosha kuwakadhibisha. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Sapolsky, alikuwa akilichunguza kundi moja la nyani katika Masai Mara. Katika miaka ya 1980 madume wakali wa kundi hilo walizoea kwenda kupigania mabaki ya chakula katika jalala la hoteli moja ya watalii. Jalala hilo likapata nyama yenye ugonjwa wa kifua kikuu, na wote waliokuwa wakienda huko wakafa. Waliobaki ni majike na madume wapole, wasiokuwa na tabia ya kupigana. Kundi likatulia. Ugomvi haukwisha, lakini dume mwenye nguvu hakumwonea tena mnyonge asiye na kosa, wala majike hawakung'atwa ovyo. La ajabu ni lililofuata. Kama tulivyoeleza, madume huhama. Baada ya miaka kumi hivi madume wote wapole walikuwa wamekwisha kufa au kuondoka, na waliokuwamo walikuwa wageni, waliotoka katika makundi ya ukali wa kawaida. Nao wakaishika desturi ya upole waliyoikuta. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004.

Hebu lipime jambo hili. Nyani, asiye na Kitabu wala Mtume, akiingia katika kundi la wapole huacha ukali wake. Nawe uliyeingia katika Uislamu, ukasimama bega kwa bega na ndugu zako mara tano kwa siku, utasema kwamba hasira yako haibadiliki kwa kuwa ndivyo ulivyoumbwa? Tunawaambia hasa ndugu wapya: pengine ulipotamka kalima ulitarajia moyo wako ugeuke usiku ule ule, na asubuhi ukaikuta hasira ya jana ingali mahali pake, ukadhani silimu yako ni ya bure. La, hasha. Mola aliyekuumba kwa hali baada ya hali anakulea pia kwa hali baada ya hali.

Kurani Tukufu imezitaja hali hizo. Ipo nafsi iamrishayo maovu (12:54). Hiyo yataka kula ionapo chakula na kupiga ionapo adui, na katika hilo hatuna fahari yoyote juu ya nyani. Ipo nafsi ijilaumuyo (75:3), na hapa ndipo njia inapoachana hasa, si kule Rukwa. Nyani aliyeiba mahindi akifukuzwa huogopa; asipofukuzwa hashughuliki. Hakuna aliyepata kumwona amerudi usiku shambani kuyarudisha mahindi. Tena ipo nafsi iliyotulia (89:28), ambayo kwake wema umekuwa chakula. Njaa, hasira, mapenzi kwa watoto, hamu ya kuwa mkubwa, yote tumeyarithi, nayo si dhambi. Huwa dhambi au ibada kwa jinsi tunavyoyatumia, wakati gani, na kwa nani.

Wapare wanao mfano mzuri wa jambo hili, nao ni wa kale kuliko misikiti na makanisa ya milimani kwao. Namaanisha ndiva. Ndiva ni bwawa dogo ambalo maji ya kijito hukusanywa ndani yake usiku, na mchana hufunguliwa yaende mashambani kwa zamu. Kulisafisha na kulijenga ni kazi ya msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu. Basi fikiri: katika mwaka wa ukame, mahindi yako yamekunja majani, maji yamo ndivani usiku, na zamu ni ya jirani yako wa chini ambaye amelala. Hapana aonaye. Kila kilichomo mwilini mwako, kila ulichorithi tangu Rukwa na kabla yake, chakuambia: fungua. Mkono wako ukizuilika hapo, si kwa kuogopa faini ya wazee wala macho ya mtu, hiyo ndiyo amana ambayo mbingu na ardhi na milima, milima ya Shengena ikiwa miongoni mwao, ilikataa kuichukua, naye mwanadamu akaichukua (33:73). Usipozuilika, soma tena Al-Baqara, 2:66. Kurani inasema kwamba mtu ameumbwa kwa umbo lililo bora, kisha aweza kurudishwa chini kuliko walio chini wote (95:5-6). Nyani hawezi kushuka chini ya unyani. Mtu aweza.

Na kwa kuwa tumeitaja amana, tuseme neno moja juu ya mashamba, maana mkulima wa mpakani mwa Mkomazi au wa kando ya msitu wa Chome atatuuliza kama undugu huu unamnyima haki ya kulinda chakula cha watoto wake. Haumnyimi. Alinde shamba, awinge, apige debe, aweke mbwa. Lakini kumfunga tumbili kamba shingoni awe kichekesho cha watoto, au kumvunja miguu kwa kulipiza kisasi, hilo Mtume s.a.w. amelihukumu aliposimulia habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Na wenye kuikata misitu ya juu wajue kwamba mbega na kima hukaa humo humo yanamotoka maji ya ndiva.

Lililobaki ni kwa yule kijana wa sekondari. Sura Al-Ankabut inatuamuru tusafiri katika ardhi tutazame jinsi Mungu alivyouanza uumbaji (29:21). Angalia kwamba haikusema tukae tubishane. Imesema tusafiri, tutazame. Amri hiyo, kwa mtu wa Same, ni nyepesi kuliko kwa watu wa mahali pengi duniani, kwa kuwa kwa gari ni safari ya siku moja tu kupita Moshi, Arusha na Karatu hadi Olduvai. Huko mwaka 1959 Bibi Leakey aliliona fuvu la kichwa lililompa sifa, na huko ipo makumbusho yenye nakala ya zile nyayo za Laetoli. Nyayo zenyewe zilifukiwa tena ili zisiharibike. Zimo za mtu mkubwa na za mdogo, zikielekea upande mmoja. Asiyeweza safari na aanze kwa nyani wa kando ya barabara, akae nao mbali kidogo kwa saa moja bila kurusha jiwe. Kisha asome Sura Al-Muuminun kuanzia aya ya 13, As-Sajda kuanzia aya ya 8, na Nuh yote, kwa tafsiri ya Kiswahili, na daftari lake la biolojia likiwa wazi kando yake. Atakayekutana na swali asilolipatia jibu na atuandikie, nasi tutalichapa pamoja na jibu lake.